Kardan Nilichagua kwa Sikio

Niambie kwanza, weye mwenye unanisikiliza: siku moja wakikuita ukachague kardan ya motokari, utaanzia wapi? Utaangalia rangi? Utaibeba upime uzito? Miye niliipiga kwa kidole, halafu nikaweka sikio. Usicheke mbio, ngoja nikuelezee vizuri, kisha utacheka kama ungali na hamu.

Kardan njo ile chuma ndefu ya muviringo inalalaka chini ya tumbo ya motokari. Motere iko mbele, magurudumu yenye kusukuma yako nyuma, sasa ile nguvu itoke mbele ifike nyuma namna gani? Inapita mu kardan. Inazunguka, inazunguka, na siye wenye kukaa juu hatuna habari. Miye nilizeeka mpaka meno ikaanza kuaga, sikujua kama kuna kitu inazunguka chini ya makalio yangu. Niliijua juu ya mutoto wangu wa mwisho.

Nilizaa saba. Wawili wako mu udongo, wane wako mbali, mumoja alibakia na miye hapa Kalemie. Kati ya wale wa mbali, mumoja alikwenda Manono kuchimba mawe. Aliniambia, "Mama, miezi mitatu tu." Mwaka wa kwanza alikuwa ananipigia simu kila siku ya Mungu. Mwaka wa pili, ku Noeli. Kisha namba ikabadilika, na miye nasikia tu kwa watu wanatoka kule: mumoja anasema amenenepa, mwingine anasema amekonda, wa tatu anasema ana bibi mupya. Nikawaza, pengine wanaongea juu ya watu watatu. Basi huyu wa mwisho nilimukamata kama muntu anakamata kitenge yake siku ya upepo.

Huyu wa mwisho ni shofere. Alitembeza patro mumoja, tajiri wake, Lubumbashi miaka mingi, na ule patro wakati anarudi kwao akamuachia motokari yake. Ilifika huku juu ya wagoni ya treni, imefungwa kamba kama mbuzi wa ndoa. Siku waliishusha ku gare, watoto walikimbia wakaizunguka. Ni motokari ya mbio. Fupi chini, ndefu mbele, nyekundu, na ikiwaka inanguruma kama muntu anatafuta ugomvi. Motokari ya mbio, hapa Kalemie. Gudroni, ile lami yetu, inaisha mbele haujamaliza kufunga mukaba. Nilimuuliza, "Papa," juu siye tunaitaka watoto wetu papa na mama, "na hii utakimbia wapi, juu ya maji?" Akacheka. Alikuwa amemushika mukono binti yake, mutoto wake mumoja tu, ule mama yake alirudi kwao Moba akaolewa na mwingine. Binti naye akacheka. Tukacheka wote watatu, na nyumba ikajaa.

Na kazi ikapatikana kweli. Huku kwetu kuna desturi, si ya wazee, ni ya hawa vijana: wakitoka kanisani, motokari ya bibi arusi haiingii ku sale, ukumbi ya karamu, pamoja na zingine. Inawaacha watu wote pale, inachukua ile njia ya kandokando ya ziwa, inakimbia yenyewe na maarusi ndani mpaka ku mwisho wa gudroni, inageuka, inarudi na honi. Hapo njo wanapiga vigelegele. Ikirudi mbio na vizuri, wanasema ndoa itasimama. Ikirudi polepole, mashangazi wanaanza kuangaliana. Sasa mu muji muzima, nani alikuwa na motokari ya kufanya vile kuliko mutoto wangu? Kila jumamosi wanamuita. Anaiosha tangu asubui, anavaa koti, anafunga maua, na miye nasimama ku mulango namuangalia kama njo yeye anaoa.

Basi ziwa ikapanda. Maji ilikula njia, ikakula manyumba, ikakaa mu barabara kama mugeni hana haya. Motokari ilikuwa inapita mu maji kila siku. Na kardan yake ya zamani ilikuwa ya chuma, vipande viwili, vinaungana pale katikati, na pale katikati kuna rulema, njo beringi, ya kuizungushia, inakaa ndani ya kaushu, kaushu njo mpira. Maji ikakula ile kaushu. Motokari ikaanza kutetemeka. Tulitafuta kaushu Kalemie yote, hakuna. Mekanisie, fundi wa motokari, akakata tairi ya kamio, njo lori, akatengeneza yake, ikafanya ndoa ine. Akatengeneza ingine na soli ya viatu, hiyo ilifika tu mbele ya kanisa. Siku ile bibi arusi alishuka anatetemeka kuanzia kisigino mpaka shela, meno inagonga. Padri akamuambia, "Mama, usiogope, ndoa ni baraka." Kumbe si woga, ni kardan.

Watu walicheka, lakini mwenye sale hakucheka. Ule papa ana sale kubwa ya sherehe, kila ndoa ya maana inapita kwake. Akakuja mpaka kwetu, akakaa ku kiti, akakataa hata maji ya kunywa.

"Nataka motokari moja ya kila jumamosi, mwaka muzima," akamuambia mutoto wangu. "Yako njo inapendeza watu. Lakini sitaki bibi arusi ashuke kama ametoka mu kinu."

"Nitaitengeneza, papa."

"Umesema vile mara mbili. Jumapili ya kwanza kisha Pasaka nitakuja miye mwenyewe nikae ndani. Ikitulia, kazi ni yako. Ikitetemeka, kuna muntu wa Uvira ana jipu nyeupe."

Saa ya kula, mutoto wangu hakumaliza tonge yake.

"Mama, hii ikikataa, naenda Manono."

"Manono ulisahau nini kule?"

"Kuna kazi ya kamio. Hapa nikae kufanya nini, kuchunga mawimbi?"

"Na binti yako?"

"Atabakia na weye. Miezi mitatu tu, mama."

Nikasikia ile miezi mitatu. Nikamuongezea ndagala, dagaa za ziwa yetu, ku sahani.

Basi sasa unajua yenye ilikuwa inanisumbua. Wengine walikuwa wanatafuta kardan juu ya ndoa za watu. Miye nilikuwa natafuta kardan juu mutoto asiende.

Haikupita siku nyingi, mufanyabiashara mumoja wa Kigoma akashusha mizigo yake ku porti. Anauza spea za motokari, anaenda na kurudi na boti. Yeye kardan anaiita propela. Alikuwa nazo mbili, mupya, za aluminiomu, kipande moja tu toka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kuungana katikati, hakuna rulema pale, hakuna kaushu. Wanazitengenezaka ng'ambo juu ya watu wa mbio: wanatoa ile ya kiwanda, wanafunga hii, na motokari inakuwa nyepesi. Mutoto wangu alirudi nyumbani anapumua kama amekimbizwa.

"Mama, vaa. Tunaenda ku porti."

"Miye? Nikafanye nini na vyuma?"

"Ni aluminiomu, mama. Nani anajua aluminiomu hapa Kalemie kuliko weye?"

Ile neno iliingia kwangu kama chai ya moto. Juu ni kweli. Mume wangu, Mungu amulaze, alikuwa mufundi wa kuyeyusha aluminiomu. Alikuwa anakusanya pistoni zilizokufa, vifuniko vya motere, maganda ya bwate ya vitesi, njo giaboksi, anaviweka ku moto mpaka vinakuwa maji, anamwaga mu udongo wenye alama ya sufuria. Yeye anatengeneza, miye nauza. Nilibeba sufuria ku kichwa toka soko mpaka soko, nilifika nazo mpaka Nyunzu na treni. Shuleni sikusoma kitu, nilitoka mbele wanifundishe kugawanya. Lakini sufuria nilizisoma. Unaipiga kwa kidole. Ikilia muda murefu, tiiiii, hiyo ni nyembamba, itaunguza bugali na kisha mwaka inatoboka. Ikikujibu kifupi, du, hiyo ni nene, utaiachia wajukuu. Hakuna mwanamuke alinunua kwangu akarudi kunitukana.

Nikavaa kitenge yangu ya Pasaka mbele Pasaka ifike. Nikajipaka mafuta. Mutoto wangu akasema tunaenda kwa spea si kwa misa, nikamuambia kila kitu na heshima yake.

Ku porti, mufanyabiashara alikuwa kijana, mwenye kofia, mwenye Kiswahili ya kunyoosha kama nguo ya pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mutoto wa Kigoma. Onyesha hizo vitu zako."

Alikuwa amezilaza juu ya mukeka. Moja ilikuwa pana kama paja ya mwanamuke mwenye kula, lakini ukiiinua ni nyepesi, unaona kabisa kama ngozi yake ni nyembamba. Ya pili, urefu ule ule, upana wake kadogo, kama mukono wangu hapa ku kiwiko, lakini nzito, nyama yake imeshiba. Nikachuchumaa. Nikapiga ile pana. Tiiiii. Ikalia mpaka wenye moto za taksi, zile pikipiki, wakageuka. Nikapiga ya pili. Du.

Mufanyabiashara akacheka. "Mama, hiyo siyo sufuria. Hutaisongea ugali."

"Sufuria zangu zote zilikuwa motokari mbele ya kuwa sufuria, mutoto wangu. Zinajuana."

Watu wakacheka, wabeba mizigo wakaweka magunia chini wasikilize. Nikafurahi, sitakudanganya. Ilikuwa siku nyingi watu hawajasimama kunisikiliza.

"Sikatai, mama," akasema ule kijana. "Lakini propela ya kipande kimoja ni ndefu. Ndefu ikiwa nyembamba, ukiizungusha kwa kasi inacheza katikati, kama ile kamba watoto wanayorukia. Pana ndiyo inakaza. Acha sauti, tazama upana."

"Kitu ya ngozi nyembamba ikaze namna gani? Weye unataka kuniuzia ile imekukalia."

"Mama, mimi nitaziuza zote mbili, leo hii, kesho ile. Nakwambia kwa wema tu."

Nikageukia mutoto wangu.

"Mama," akasema, "fundi wa Lubumbashi naye aliniambia kwa simu nichukue pana."

"Fundi wa Lubumbashi anajua njia yetu? Anajua mashimo yetu?"

"Hapana."

"Sasa?"

Alikuwa ameweka mukono juu ya ile pana, anaipapasa kama muntu anapapasa ng'ombe. Hapo njo nikasema lile neno. Nikasema, "Papa yako angechagua gani?"

Weye mwenye unanisikiliza, kuna maneno haifai itoke mu mudomo. Ukileta mufu ku soko, nani atabishana na yeye? Mutoto wangu akaondoa mukono. "Nifungie hii ndogo," akasema. Mufanyabiashara akaniangalia kidogo, akaifunga mu makaratasi. Hakucheka tena.

Mekanisie aliiweka siku moja tu, ikaingia kama imezaliwa pale. Na motokari ikatulia. Nakuambia, ilitulia kama maji mu kikombe. Mutoto wangu akatupakia, miye na mujukuu, polepole mpaka ku daraja ya Lukuga na kurudi. Nilifungua dirisha nikasalimia watu wenye hata siwajui. Ku soko sikuwa na habari ingine: kardan, njo miye nilichagua. Wauza samaki wakaanza kuniita Mama Kardan.

"Mama Kardan, kuja unichagulie mume."

"Mulete nimupige kidole," nawajibu. "Akilia sana, muache."

Ilikuwa wiki mbili hivi. Sikumbuki kama nilipataka wiki mbili za namna ile tangu mume wangu afe. Nilikuwa nalala mutoto akiwa ndani, naamuka mutoto akiwa ndani, kiatu yake ku mulango. Nikaanza hata kumutafutia bibi, kichwani tu, sikumuambia.

Kitu moja hatukufanya. Hatukukimbia nayo. Mutoto wangu alisema esansi, ile petroli, ni kidogo, tuibakishe juu ya ile siku. Nadhani aliogopa. Sijamuuliza mpaka leo.

Jumapili ile, kisha misa, mwenye sale akafika. Akazunguka motokari, akainama kuangalia chini na nguo yake ya misa, akatikisa kichwa ya kukubali. Akaingia mbele. Akasema, "Mama naye apande nyuma na binti. Tukae kama ndoa." Basi nikakaa pale bibi arusi anakaaka, mujukuu wangu pembeni kama bwana arusi. Akanishika mukono kwa adabu yote, tukacheka mpaka mwenye sale naye akacheka.

Polepole, kitu hakuna. Mwenye sale akafunga macho anasikiliza. "Vizuri," akasema. "Vizuri sana. Huyu bibi arusi atafika na meno yake." Tukafika ku njia ya ziwa. "Sasa, papa, nipe mbio ya ndoa."

Mutoto wangu akakanyaga. Motokari ikainua pua. Kwanza nilisikia chini ya miguu kama nyuki, mbali. Kisha nyuki zikakaribia. Kisha ikawa si nyuki, kiti yote inaimba, na meno yangu inaimba. Niliona macho ya mutoto wangu mu kioo, yananiangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama muntu anaomba ruhusa. Na mwenye sale, yeye hakuelewa kitu, anapunga mukono: "Ongeza, ongeza, njo vile wanapendaka." Akaongeza.

Mara chini ikagonga. Si mara moja. Ilikuwa kama muntu amefungiwa mu ardhi anapiga mulango atoke. Mujukuu akaanguka juu ya magoti yangu. Kisha ikapiga moja kubwa, kisha kimya, motokari ikateleza yenyewe bila sauti mpaka ikasimama pale maji ya ziwa inalambaka gudroni.

Tulishuka. Hakuna mwenye aliumia, Mungu asifiwe. Nyuma yetu, katikati ya njia, kardan ilikuwa imelala, imepinda kama ndizi, na mustari ya mafuta inaifuata. Ilicheza katikati sawa vile ule wa Kigoma alisema, ikapiga tumbo ya motokari, na ilipokatika ikavunja mukia ya bwate ya vitesi, pale kardan inaingiaka. Hata miye mwenye sikusoma niliona kama pale hapatengenezeki.

Mwenye sale akapanguza suruali. Kama angetukana ningeshukuru. Akasema tu na adabu, "Mama, pole. Papa, asante kwa kujaribu." Akaita moto ya taksi, akapanda, akaenda. Jumamosi yenye ilifuata, jipu nyeupe ya muntu wa Uvira ilipita mbele ya nyumba yetu na maua.

Usifikiri tulikaa tu. Ule mukia ya bwate ilikuwa ya aluminiomu, na miye nikasema, basi hapa tena njo kwangu. Muntu kama miye hafundishwi mara moja. Nikabeba vipande mpaka kwa mufundi mwenye mume wangu alimufundisha kazi ya sufuria, sasa yeye pia ni muzee. Akavigeuzageuza.

"Mama, nitakuyeyushia. Lakini hii ni aluminiomu ya kukaza. Yangu ni ya kupika."

"Jaribu tu, papa."

Akajaribu. Walipoifunga na bulo, zile bolti, ikapasuka kama biskuti. Akajaribu tena, ikapasuka pengine. Mara ya tatu hakutaka hata kuniangalia, akaniletea kiti, akanipa maji, kama watu wanavyofanya ku kilio. Na ile kardan pana, wa Kigoma aliporudi alituambia ilisha kwenda, muntu wa Bujumbura aliifunga mu motokari yake ya mbio. "Inakwenda vizuri sana," akaanza kusema, halafu akaona uso wangu, akaacha.

Siku moja tulikuwa siye wawili mu chumba, mutoto wangu anakunja nguo zake. Nikamuuliza, "Papa, pale ku porti, uliijua?"

"Niliambiwa, mama."

"Na juu ya nini haukunikataza?"

"Ulisema papa yangu."

Akaendelea kukunja. Shati moja aliikunja mara tatu. Nilitaka nimuambie kama papa yake alikuwa muntu wa kuuliza, kama hakuyeyusha hata pistoni moja mbele ya kuuliza ilitoka mu motokari gani, na kama pengine yeye angechagua pana. Lakini neno ya namna ile ikikuja imechelewa, itamusaidia nani. Nikamutafutia mufuko yenye zipu nzima. Nikamuchokoza, nikamuambia Manono ni joto, atayeyuka, watanirudishia sufuria. Akacheka ya adabu.

Aliondoka asubui na kamio ya mahindi, njia ya Nyunzu. Alipanda juu ya magunia matupu na watu wengine. Akasema, "Miezi mitatu, mama." Nikasema, "Najua, papa." Nilikuwa nacheka. Miye nachekaka, uso wangu njo Mungu aliutengeneza vile, hata ku kilio wananisukuma nyuma juu nisiharibu. Kamio ikaondoka, vumbi ikanijaa mu mudomo wazi.

Sasa miezi ni saba. Mbele alikuwa anapiga simu mingi, sasa anapiga kidogo. Siku ingine anapiga, tunasalimiana, kisha nasikia tu watu wa kule wanapita nyuma yake. Motokari iko pale ku lupango, mu kiwanja ya nyumba, kuku wanatagia ndani. Ku soko wananiita tena Mama tu. Ile jina ingine waliizika wenyewe, kwa wema wao.

Binti yake njo tunaishi naye. Ana miaka kumi na mbili, anasoma kuliko watoto wote wa mutaa. Mwalimu alikuja kuniambia kama hapa masomo yake itamuishia karibuni, itafaa atumwe Lubumbashi kwa shangazi yake, binti yangu wa kule. Nikamuitikia, ndiyo mwalimu, ndiyo. Mutoto alikuwa mu chumba, alisikia yote.

Juzi tulikuwa tunachambua ndagala mu lupango, jua ingali juu. Akaniuliza bila kuinua macho; miye nyanya yake ananiitaka Kambo.

"Kambo, ungechagua ile pana, papa angebakia?"

Muntu anaweza kudanganya mutoto. Nilidanganya wengi. Lakini huyu alikuwa ndani ya motokari na miye.

"Angebakia," nikasema.

Akachambua. Anatoa mawe, anaweka hapa, anatoa majani, anaweka pale.

"Na weye ulikuwa unataka abakie."

"Kitu ingine sikuwa nataka, mama."

"Na ukasema njo unajua."

"Nikasema njo najua."

Nikangoja, mikono yangu mu samaki. Watoto wangu saba, kila mumoja akifika miaka yake ile, aliniahidi kitu: mumoja nyumba ya bati, mumoja meno mupya, papa yake huyu aliniahidi kunitembeza mpaka Kigoma. Zote nazikumbuka, na pa kuziweka pamejaa.

"Basi, kambo, miye usinichagulie kitu," akasema, hakuwa na ukali. "Nitajichagulia."

"Sawa, mama. Utachagua nini?"

Akapanguza vidole ku kitenge yake, akanishika mukono na harufu yake yote ya ndagala, akasema, "Shangazi atangoja. Miye sitatoka hapa mpaka siku weye utatoka."